Kubuni Mavazi Endelevu ya Wanaume: Nguo Kuukuu na Rangi za Mimea

Mtahiniwa anayesoma Nyangoto, Nyamwaga au kwingineko Tarime anajua jambo moja kabla hajafungua kitabu chochote cha ushonaji: utomvu wa mgomba ukidondokea shati jeupe, hautoki. Utafua kwa sabuni, utaanika juani, na doa litazidi kukolea hadi liwe la kahawia. Kwa mwenye shati ni hasara. Kwa mbunifu wa mavazi, doa hilo ni nusu ya mada hii. Ndani ya utomvu mna tanini, na tanini hushikamana na nyuzi za pamba kwa nguvu ambayo uchafu wa kawaida hauna. Ukiweza kulitandaza doa hilo nguo nzima, sawasawa na kwa makusudi, umeshatia rangi ya mmea.

Nusu ya pili ya mada ni kitambaa chenyewe. Katika mada hii, vazi endelevu la mwanaume ni vazi lililotengenezwa kwa kitambaa kilichokwisha kutumika, likatiwa rangi isiyochafua maji, na likadumu. Wengi husahau hilo neno la mwisho. Shati la rangi ya mimea linalopauka baada ya miezi miwili na kutupwa limemaliza kuni, maji na jasho la fundi bure. Afadhali lingeachwa na rangi yake ya zamani. Kila uamuzi utakaousoma hapa, kuanzia kuchagua suruali mnadani hadi kumwaga maji ya rangi, upime kwa swali hilo: vazi litavaliwa muda gani?

Kitambaa kinapatikana wapi

Tofautisha kwanza maneno mawili. Kurejeleza, kwa maana ya kiwandani, ni kuichana nguo mpaka irudi kuwa nyuzi, kisha kuzisokota upya. Kazi hiyo inahitaji mitambo, na kila mara nyuzi hutoka fupi kuliko zilivyoingia, hivyo mara nyingi huchanganywa na nyuzi mpya ili uzi uwe imara. Kuunda upya ni kuifumua nguo, kukipata kitambaa chake kikiwa kizima, na kushona nguo nyingine. Kazi hii inahitaji wembe, pasi, mkasi na cherehani, na ndiyo iliyo mikononi mwa fundi wa kawaida. Makala haya yanahusu hiyo ya pili.

Malighafi yake ni mitumba. Unapojibu swali kuhusu mitumba usiishie kwenye "faida na hasara", kwani Afrika Mashariki ina kisa halisi cha kutajia. Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakiwa Arusha, walikubaliana kuwa uingizaji wa nguo zilizotumika ukomeshwe ndani ya miaka mitatu, ili viwanda vya nguo vya ndani vipate soko. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa nguo hizo nchini Marekani walilalamika kwa serikali yao, na nafasi ya nchi zetu kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, kupitia mpango wa AGOA, ikawekwa rehani. Kenya ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda peke yake iliendelea na ushuru wake mpya wa dola 2.50 kwa kilo, uliokuwa senti 20 kabla ya hapo, na Julai 2018 Marekani ikaisimamishia nafasi hiyo kwa upande wa mavazi.

Kwa mwanafunzi wa Mara kisa hiki kina uzito wa pekee. Mara ni mkoa wa pamba, na Musoma ilikuwa na kiwanda cha nguo ambacho wazee bado wanakitaja kwa jina la MUTEX. Hata leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje kabla ya kusokotwa. Kwa hiyo usiandike kwamba kuunda upya mitumba kunatatua tatizo la viwanda. Hakutatui. Fundi anayefumua suruali kuukuu hampatii mkulima wa Bunda mnunuzi wa pamba. Anachofanya ni kuongeza miaka ya kitambaa ambacho kimeshalimwa, kimeshamwagiliwa na kimeshafumwa. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba fulana moja ya pamba hutumia takribani lita 2,700 za maji tangu shambani hadi dukani. Maji hayo yameshatumika. Kuitupa fulana hakuyarudishi.

Mfano wa karibu wa kazi hii uko Kampala. Mbunifu Bobby Kolade, kupitia chapa yake ya BUZIGAHILL, alianza mwaka 2022 kununua mitumba inayoingia Uganda, kuifumua, kuishona upya na kuiuza huko huko nchi tajiri ilikotoka. Mradi wenyewe aliupa jina lenye maana ya "mrudishie aliyetuma". Utani huo una hoja ndani yake: nguo iliyoingia kama mzigo wa kilo inarudi kama kazi ya mbunifu, na thamani iliyoongezeka imebaki Kampala.

Kukijua kitambaa kabla ya kununua

Rangi za mimea hushika pamba, kitani, sufu na hariri. Poliesta hazishiki. Sababu ni ya kikemia: nyuzi za pamba ni selulosi, zinapenda maji na zina sehemu ambazo rangi inaweza kujishikiza, poliesta ni plastiki na huyakataa maji. Suruali ya poliesta ukiichemsha na maganda ya vitunguu kutwa nzima, itatoka safi tu.

Lebo ya ndani ikiwepo, isome. Isipokuwepo, chomoa nyuzi chache kwenye pindo, zishike kwa koleo, uziwashe juu ya sahani ya bati mbali na nguo nyingine. Pamba huungua kwa mwali tulivu, hunuka kama karatasi, na jivu lake ni laini la kijivu. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na huacha kijiwe kigumu cheusi. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Ukipata harufu ya karatasi na kijiwe kwa pamoja, huo ni mchanganyiko wa pamba na poliesta: utashika rangi nusu, kwa kiwango hafifu.

Kwa mavazi ya wanaume, vitambaa vitatu vinalipa zaidi. Kadeti za pamba za rangi ya maziwa au ya udongo hupokea karibu rangi yoyote. Mashuka meupe ya pamba yana eneo kubwa lisilo na mishono, hivyo yanafaa kwa mashati. Jinzi ni nzito na imara, lakini imeshakuwa buluu, na rangi ya mmea haing'arishi kitambaa, inakikolezea tu. Jinzi iliyopauka ukiitia rangi ya njano utapata kijani. Kabla ya kulipa, nyanyua suruali kwenye mwanga: mapajani na makalioni kukionekana mwanga unapenya, kitambaa kimechoka, na sehemu hiyo huwezi kuitegemea.

Ubunifu unaanzia kwenye kitambaa

Mbunifu mwenye jora jipya huchora kwanza, kisha anakata. Mbunifu wa nguo kuukuu hufumua kwanza, anapima alichonacho, ndipo anachora. Tuchukue vazi ambalo kila mtahiniwa amewahi kuliona: koti la kaunda suti, lenye mikono mifupi, ukosi na mifuko minne ya kubandika, lililopewa jina la Rais wa kwanza wa Zambia. Linafaa hapa kwa sababu halina bitana nzito na limejengwa kwa vipande vingi vidogo. Tulishone kwa kadeti mbili.

Ukizifumua suruali mbili utapata vipande vinne vya mbele na vinne vya nyuma. Vya nyuma ni vipana zaidi, kwa hiyo ndivyo vitakuwa mwili wa koti: viwili mgongoni, viwili kifuani. Lakini mguu wa suruali ni mpana pajani na mwembamba chini, wakati koti ni jembamba begani na pana kuanzia kifuani kwenda chini. Jibu ni kuupindua mguu. Pindo la suruali liwe begani, paja liwe upande wa chini wa koti. Kitambaa kikiwa na manyoya, kama kodrai, pindua vipande vyote kwa pamoja, la sivyo kifua na mikono vitaonekana kama vina rangi mbili.

Sasa hesabu. Mteja ana kifua cha sentimita 100. Ongeza sentimita 12 za kupumulia, zinakuwa 112. Ongeza 3 za kupishanisha upande wa vifungo, zinakuwa 115. Tuseme kila kipande kikubwa, ukishatoa mishono, kinabaki na sentimita 24 kwenye usawa wa kifua. Vinne vinatoa 96. Pungufu ni 19. Fundi asiye mbunifu ataishia hapo na kusema kitambaa hakitoshi. Mbunifu ataongeza kipande cha ubavuni, chini ya kwapa, chenye upana wa sentimita 9.5 kila upande, kutoka kwenye miguu ya mbele. Kipande hicho kikitiwa rangi iliyokolea kuliko mwili, upungufu unakuwa urembo wa koti, na mteja hatajua kwamba kilianza kama kiraka.

Mkono mfupi unahitaji upana ambao mguu wa mbele hauna, basi ushone kwa vipande viwili vyenye mshono unaoshuka kutoka begani. Mifuko ya nyuma ya kadeti inaweza kufumuliwa na kubandikwa kama ilivyo. Vifungo vipo tayari. Na pale ubavuni acha sentimita 3 za mshono badala ya moja na nusu. Mwanaume hunenepa, koti linaloweza kulegezwa huvaliwa miaka mingi kuliko lisiloweza, na hakuna rangi ya mmea inayoshinda faida hiyo.

Utie rangi lini? Baada ya kufumua na kabla ya kukata. Kitambaa kitakuwa kimesinyaa kadiri kitakavyosinyaa, rangi itaingia hata mahali palipokuwa na mshono, na uzi wa poliesta hautabaki mweupe juu ya koti la kahawia. Kosa hilo la uzi mweupe huonekana mara nyingi kwenye kazi za vitendo, na halina dawa.

Rangi inavyoshika

Rangi za mimea si ngeni pwani na bara. Kaniki, kitambaa cha buluu iliyokolea kilichobebwa na misafara ya karne ya 19, kilitiwa nili, rangi itokanayo na mmea. Mambo yalibadilika pale William Henry Perkin alipotengeneza rangi ya zambarau maabara huko London mwaka 1856, na zaidi kampuni ya BASF ya Ujerumani ilipoanza kuuza nili ya kiwandani mwaka 1897. Buluu ya jinzi za leo karibu yote ni ya kiwandani.

Nili ina tabia yake ya pekee: haiyeyuki majini mpaka iondolewe oksijeni ndani ya maji ya alkali, kitambaa hutoka humo kikiwa kijani-manjano na hugeuka buluu kinapokutana na hewa. Rangi nyingine nyingi za mimea zinahitaji kishika rangi, yaani chumvi ya metali inayofunga rangi upande mmoja na nyuzi upande mwingine. Kilicho salama na rahisi kupata ni shabu, ile ile inayotumiwa kutulizia maji yenye tope na ambayo vinyozi hupaka baada ya kunyoa. Kikemia ni salfati ya alumini na potasiamu. Sufu hupokea shabu bila taabu. Pamba haiipokei vizuri peke yake, na hapa ndipo tanini inaporudi: pamba ikinyweshwa tanini kwanza, shabu inapata pa kushika.

Kwa kilo moja ya kitambaa kikavu, ambayo ni karibu kadeti mbili, kazi inakwenda hivi. Chemsha kitambaa saa moja kwa sabuni na magadi kidogo. Maji yatatoka ya kahawia hata kama nguo ilionekana safi, kwa sababu nta na mafuta yanatoka. Suuza. Kiloweke usiku kucha kwenye maji yaliyochemshiwa majani ya mwembe, ambayo yana tanini. Kamua, kisha kiloweke usiku wa pili kwenye maji ya moto yenye gramu 150 za shabu, yaani asilimia 15 ya uzito wa kitambaa. Wakati huo chemsha kilo moja ya maganda makavu ya vitunguu katika lita 25 za maji, uyachuje. Ingiza kitambaa kikiwa kimelowa, weka joto kati ya nyuzi 80 na 90 kwa saa moja ukigeuza kila mara, na ukiache kipoe humo humo. Anika kivulini. Utapata rangi ya dhahabu inayoelekea chungwa.

Kilo ya maganda ni mengi kuliko unavyodhani, kwa maana ganda la kitunguu halina uzito. Jikoni kwenu hayatatosha. Wauza vitunguu sokoni huyafagia na kuyatupa kila jioni. Zungumza nao mapema uwaachie gunia.

Ukitaka kijivu au nyeusi, rangi ambazo wanaume wengi huzikubali bila mjadala, acha maganda ya vitunguu. Weka misumari yenye kutu katika siki na maji kwa wiki moja au mbili, kisha chovya kitambaa kilichokwisha nyweshwa tanini katika maji ya moto yenye kiasi kidogo cha maji hayo ya kutu. Chuma kikikutana na tanini rangi hubadilika papo hapo, na ni miongoni mwa rangi za mimea zinazostahimili jua vizuri. Pia hufunika madoa ya zamani. Lakini chuma kikizidi kinaozesha pamba, hivyo jaribu kwanza kwenye vipande vidogo. Gome la mgunga lina tanini nyingi kuliko majani ya mwembe, ila kuchuna gome kuzunguka shina kunaua mti, na huwezi kuua mti kisha ukaliita koti lako endelevu. Tumia matawi yaliyokatwa kwa kazi nyingine.

Sasa manjano, ile binzari ya pilau. Vitabu vingi huitaja ya kwanza kwa sababu inang'aa na haihitaji kishika rangi. Mimi naiweka ya mwisho. Hupauka haraka juani, na ina kituko kingine ambacho mwanafunzi wa kemia atakifurahia: ni kipimo cha alkali. Shati la manjano likifuliwa kwa sabuni ya mche, ambayo ni ya alkali, linageuka jekundu la kahawia mikononi mwa mfuaji. Mteja wa aina hiyo harudi tena.

Uimara wa rangi usiukisie, upime. Kata ukanda wa kitambaa kilichotiwa rangi, funika nusu kwa boksi gumu, uuache kwenye dirisha lenye jua wiki mbili, kisha linganisha nusu hizo. Ukanda wa pili ufue mara kumi kwa sabuni inayotumika nyumbani pamoja na kipande cheupe, uone kama rangi inahamia.

Maji yanayobaki

Hapa watahiniwa wengi huandika sentensi moja: "rangi za mimea hazina madhara." Si kweli. Mmea unaweza kuwa salama na kishika rangi kikawa sumu. Mrututu, yaani salfati ya shaba, na dikromati ya potasiamu hutoa rangi nzuri na zimo katika vitabu vya zamani vya ufundi. Usizitumie. Shaba huua samaki hata ikiwa kidogo, na dikromati inasababisha saratani.

Anayeishi Nyangoto hahitaji kufundishwa kwamba kinachomwagwa juu kinafika chini. Kijiji kiko jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, na Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka eneo la mgodi hadi Mto Tigithe, ambao huingia Mto Mara, na Mto Mara huishia Ziwa Victoria. Karai la fundi si bwawa la mgodi, lakini mafundi ishirini wakimwaga mtoni kila wiki, mto haujui tofauti. Maji ya shabu yasimwagwe baada ya matumizi ya kwanza: ongeza nusu ya kipimo na uyatumie tena. Maji ya rangi yaliyofifia yafae vitambaa vya rangi hafifu. Yakiisha nguvu, yaache yapoe, changanya na jivu kidogo kupunguza asidi, uyamwage kwenye shimo la udongo mbali na kisima na mbali na mboga.

Hesabu ya fundi

Swali la aina hii linaweza kuja likiwa na namba. Chukulia fundi amenunua kadeti mbili kwa shilingi 10,000; shabu, magadi na kuni 4,000; uzi na kitambaa kigumu cha ukosi 3,000. Jumla 17,000. Kufumua saa 2, kutia rangi saa 3, kukata na kushona saa 6. Akiuza koti 35,000 anabaki na 18,000 kwa saa 11, sawa na takribani 1,636 kwa saa.

Akitia rangi vitambaa vya makoti manne kwa mkupuo, kazi ya sufuria na moto inachukua, tuseme, saa 6 kwa yote, yaani saa moja na nusu kwa koti. Saa za koti moja zinashuka hadi 9.5, na malipo yanapanda hadi takribani 1,895 kwa saa, bila kuhesabu kuni zilizookolewa. Angeweza pia kuruka siku ya tanini na kuuza koti lile lile kwa bei ile ile wiki hii. Andika aya moja ukieleza nini kitampata mteja wake baada ya mifuo kumi, na nini kitampata fundi mwenyewe mnadani mwezi unaofuata.